Cheti kipo kwenye simu, bado hatujakipeleka

Shikamoo Mama,

Nakuandikia usiku watoto wakiwa wamelala, maana mchana sipati pa kukaa peke yangu. Mimi ni Mkongo wa Fizi, Kivu ya Kusini. Tulikimbilia Kigoma mwaka 1996, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka 20, na 2016 tukaletwa Marekani, hapa Texas. Nina watoto watatu. Mkubwa ni wa kiume, alizaliwa kambini, na mwezi uliopita katimiza miaka 18.

Mwaka jana, akiwa na 17, alikamatwa usiku. Yeye na wenzake wawili walipulizia rangi ukuta wa nyuma wa dobi la mashine, lile la kutumbukiza sarafu. Waliandika majina yao ya mitaani kwa herufi kubwa kuliko mlango. Wenzake walikimbia, yeye akakutwa na kopo mkononi. Nilijua atapelekwa mahakama ya watoto. Wakasema hapa Texas mwenye miaka 17 akikosa anahesabiwa mtu mzima.

Alikiri. Jaji hakumfunga. Aliahirisha hukumu, akamweka chini ya uangalizi mwaka mmoja, akamtaka alipe dola 1,150 za kupaka ukuta upya na afanye saa 60 za huduma. Mama, hapa unaweza kunicheka. Mwanangu ndiye aliyekuwa ananitafsiria. Akaniambia, "Mama, tumepewa huduma ya jamii." Nikainua mikono nikamshukuru Mungu, nikijua serikali imeona shida zetu, inatuletea msaada. Nilikuja kuelewa siku aliporudi nyumbani na kizibao cha rangi ya machungwa.

Alifanya saa 12, akiokota takataka kando ya barabara. Siku moja mama mmoja wa kanisani kwetu alipita na gari, akampiga picha, akaiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha kina mama na maneno "tuwaombee watoto wetu". Tangu hapo kijana hajarudi. Na mimi sikumlazimisha. Nasema kweli, sikumlazimisha.

Ndipo binamu yake akatuletea dawa. Kuna tovuti inayotoa saa za huduma kwa intaneti. Unalipa, unafungua kurasa za kusoma kuhusu hasira na kutunza mazingira, unajibu maswali, saa zinahesabika. Nimelipa dola 89 kwa kadi yangu ya benki. Ukweli ni kwamba hata hakusoma. Aliacha simu inajiendesha, akaenda kuoga. Jioni cheti kikaja, saa 48 kamili, kina muhuri, na tarehe alichagua mwenyewe, za miezi iliyopita. Binamu anasema anawajua wawili waliopeleka cha namna hiyo na kikapita.

Afisa wake wa probesheni, yule anayemwangalia kwa niaba ya mahakama, anataka karatasi za saa zote baada ya wiki tano. Kijana anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, Jumatatu hadi Alhamisi. Gari tunalo moja, la baba yake. Mume wangu anasema kipelekwe kesho tupumzike. Shemeji yangu aliyebaki Kigoma anasema nisijisumbue, kifungo cha nje hata huko ni kwenda kusaini tu. Binti yangu wa miaka 14 anasema, "Mama, huo ni uongo," halafu anaingia chumbani kwake. Wa mwisho ana 11, yeye hajui lolote.

Nina fomu zangu za uraia nimeziweka kabatini miaka sasa kwa kuogopa mtihani wa Kiingereza, na sasa naogopa mara mbili. Je, saa za intaneti hazikubaliki kabisa? Na tukikipeleka, watajuaje?

Mama wa watatu, Texas

*

Marahaba, binti yangu.

Msikipeleke. Nimeanza na hilo ili kama mzee wako anasoma hapa ameshika funguo za gari, aziweke chini kwanza, tuzungumze.

Kuhusu "huduma ya jamii", nimekucheka kama ulivyoniruhusu, lakini nimejicheka na mimi. Nilikuwa mkalimani mahakamani hapa Marekani kabla macho hayajachoka, na siku ya kwanza kukutana na neno hilo nami nilisema "huduma za jamii". Mshitakiwa alikuwa mzee wa Kibembe, mtu wa kwenu. Akamwinamia jaji akasema, "Asante sana, baba." Jaji akaridhika, akidhani huyu kajuta kuliko wote aliowaona wiki hiyo. Mzee alitoka nje akaniuliza msaada wenyewe unachukuliwa dirisha lipi. Baada ya hapo sikulitafsiri tena kwa maneno mawili. Nilisema: utafanya kazi ya watu bila malipo, kwa saa hizi, na ukiacha utarudishwa hapa.

Kwa hiyo hukukosea peke yako. Ila mshitakiwa hawezi kuwa mkalimani wa mama yake kwenye kesi yake mwenyewe. Sisemi alikudanganya. Kijana wa miaka 17 anatafsiri yale anayoweza kuyabeba, mengine anayaacha mlangoni. Mahakama zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 kutompuuza mtu kwa kuwa Kiingereza hakipandi, na ukalimani wake haulipiwi na wewe. Tatizo ni kwamba mwanao Kiingereza anakijua, na kisheria alikuwa mtu mzima, basi wewe uliyekaa benchi la nyuma hakuna aliyekukumbuka. Hati ya masharti aliyosaini ipo nyumbani, pengine kwenye droo na bili za umeme. Mtafute mtu mzima anayejua lugha zote mbili, asiwe binamu, akusomee yote, mstari kwa mstari. Mara nyingi imeandikwa humo kwamba mahali pa kufanyia kazi lazima pakubaliwe na afisa kwanza. Kama ni hivyo, swali lako la intaneti limeshajibiwa na saini ya mwanao.

Sasa, watajuaje. Unaniuliza kama vile maafisa wa probesheni ni watu waliozaliwa jana. Afisa akipokea karatasi anatazama vitu vidogo: nani alisimamia, simu yake ipi, kazi yenyewe ilikuwa nini, siku gani na saa gani. Anapiga simu. Kwenye ghala la chakula, lile la hisani linalowagawia wenye shida, anapokea mama mmoja mwenye sauti nzito, anasema ndiyo, yule kijana mrefu, alipanga makopo. Kwenye tovuti yenu anapokea nani? Halafu kuna hizo tarehe. Umeniambia mwanao anafanya kazi usiku, Jumatatu hadi Alhamisi. Ghala analofanyia kazi lina kumbukumbu ya kila anapogonga kadi kuingia na kutoka. Ikitokea tarehe aliyoichagua akiwa anaoga imeangukia usiku aliokuwa kazini, cheti kinajishitaki chenyewe. Na saa 48 zilizoingia siku moja, pamoja na malipo ya benki ya siku hiyo hiyo yenye jina lako, mama, jina lako, hazihitaji mpelelezi.

Hao wawili anaowajua binamu, tuseme kweli walipita. Wao kupita hakukuwekei wewe dhamana. Wapo pia waliofunguliwa mashitaka mapya kwa saa za kununua, na hao hawamtumii binamu ujumbe wa kumsimulia.

Usidanganyike na maneno yaliyo chini ya cheti, kwamba wao ni taasisi isiyo ya faida na wana namba ya usajili. Namba hiyo ni habari ya kodi. Inaonyesha wanavyohesabiwa na mamlaka ya mapato, wala haina uhusiano na jaji wa kaunti yako kukubali karatasi zao.

Nataka tukae kidogo kwenye kitu ambacho naona hamjakipima hapo nyumbani. Rangi ya ukutani ni utundu. Ni kosa, lina gharama, mwenye dobi aliumia, lakini kila mtu mahakamani ameshaona kijana na kopo la rangi. Kwa hasara ya dola 1,150 sheria ya Texas inaliweka kwenye daraja la juu la makosa madogo, lile la kati ya dola 750 na 2,500, ambalo kifungo chake ni hadi mwaka mmoja jela ya kaunti na faini hadi dola 4,000. Saa za huduma kwa daraja hilo zinaweza kufika 200. Mwanao amepewa 60. Na mshukuru Mungu kwa jambo jingine lisilowajia akilini: ukuta ule ulikuwa wa dobi. Ungekuwa wa shule, kanisa, msikiti au makaburi, hasara hiyo hiyo ingelipandisha kosa kuwa jinai kubwa. Jaji wenu hakuwaonea.

Cheti ni habari nyingine. Kumpelekea afisa wa mahakama karatasi unayojua ni ya uongo, ili ihesabiwe ya kweli, kunaangukia kwenye kosa la kuchezea kumbukumbu za serikali, na nia ya kulaghai ikithibitika, Texas inalihesabu jinai kubwa. Papo hapo ile hukumu iliyoahirishwa inaamka. Jaji anaweza kumtia hatiani kwa kosa la kwanza na kumpa adhabu yake yote, mwaka mzima ukiwemo. Kwa hiyo mngetoka kwenye rangi mkaingia kwenye udanganyifu, na kwa watu kama sisi, tuliokuja na karatasi, udanganyifu ndio wenye meno.

Kwa nini? Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina fungu la makosa inayoyaona kuwa ni uovu wa tabia ya mtu. Kughushi kwa nia ya kulaghai kumo humo bila ubishi mkubwa. Kijana mwenye kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, akipatikana na kosa la namna hiyo, mazungumzo yanaweza kuhama kutoka kuokota takataka yakawa ya kuondolewa nchini. Aondolewe aende wapi? Kazaliwa Nyarugusu, Fizi anaijua kwa hadithi zako.

Na hapa kuna jambo ambalo huenda hamkuambiwa. Hukumu kuahirishwa, kwa Texas, maana yake ni kwamba akimaliza salama kesi inafutwa, na baadaye jalada linaweza kufungwa macho ya waajiri yasilione. Kwa uhamiaji hesabu ni tofauti. Mtu akishakiri na jaji akamwekea adhabu au kizuizi chochote, hata hizo saa, kwao ametiwa hatiani, iwe hukumu imeahirishwa au haijaahirishwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika shauri la Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri kosa. Padilla alikuwa mzaliwa wa Honduras aliyepigana vita vya Vietnam upande wa Marekani, wakili wake akamwambia asijali, ameshakaa nchini miaka mingi. Muulize mwanao: wakili wako alikuuliza kama wewe ni raia? Jibu lolote, kesi hii itazamwe na wakili wa uhamiaji, mwenye leseni, si karani wa kujaza fomu anayejiita mwanasheria kwenye duka la kutuma pesa.

Mwanao sasa ana miaka 18 na anaweza kuomba uraia mwenyewe, lakini ombi halipitishwi mtu akiwa bado chini ya uangalizi wa mahakama. Kila mwezi anaouvuta uangalizi urefuke ni mwezi wa uraia wake unaosogea mbele. Na siku atakapojaza ile fomu, ataulizwa kama amewahi kukamatwa, na kama amewahi kuwekwa kwenye mpango wa namna hii. Atajibu ndiyo, ataambatisha barua ya afisa inayosema alimaliza saa 60. Barua hiyo iwe ya kweli.

Umeuliza kama saa za intaneti hazikubaliki kabisa. Siwezi kusema kabisa. Mwaka 2020, Korona ilipofunga milango, baadhi ya mahakama ziliwaruhusu watu kufanya saa wakiwa nyumbani. Na kazi ya kweli ipo mtandaoni. Taasisi ya Smithsonian ya Washington tangu 2013 inawatumia watu wa kujitolea wanaosoma shajara na barua za zamani zilizoandikwa kwa mkono, wakazichapa ili zitafutike. Kuna wanaojitolea kutafsiri matangazo ya afya kwenda Kiswahili cha Kongo, na mwanao huyo wa lugha mbili angeweza kuwafaa sana kuliko anavyoifaa barabara kuu. Lakini kazi hizo zote kuna mtu anayepokea matunda yake, na kazi yenyewe inabaki inaonekana. Kusoma kurasa kuhusu hasira zako mwenyewe, hata ungezisoma kweli, nani kafaidika? Hilo ni somo. Mahakama ikitaka somo huagiza somo.

Kwa hiyo anayeitaka kazi ya intaneti anatanguliza swali. Anamwandikia afisa: nimepata mahali hapa, msimamizi ni huyu, kazi ni hii, je, mtazikubali saa zake? Akijibiwa ndiyo kwa maandishi, anaanza. Akijibiwa hapana, hajapoteza senti. Ninyi mlianza na kadi ya benki.

Nikuambie na hili, kwa sababu limenikera tangu nisome barua yako. Mpango huu wa saa badala ya jela ulianzia kaunti ya Alameda, California, mwaka 1966. Mahakama kule ilikuwa na wanawake wa kipato kidogo waliovunja sheria za barabarani. Faini hawana, na kuwatia ndani kungewaacha watoto wao bila mtu. Majaji wakasema basi walipe kwa jasho. Uingereza wakauingiza kwenye sheria yao mwaka 1972, Kenya mwaka 1998, Tanzania mwaka 2002. Yaani saa zilibuniwa kwa ajili ya mtu kama wewe, asiye na pesa ya kujikomboa. Halafu anatokea mjanja mwenye tovuti anakuuzia zile zile kwa dola 89!

Shemeji yako wa Kigoma mwachie Kigoma yake. Anachanganya mambo. Huko nako aliyepewa huduma kwa jamii ana afisa wa probesheni na mahali pa kazi, hospitali au shule, na akitoroka anarudishwa mbele ya hakimu. Kama yeye aliona mtu anasaini tu na kwenda zake, aliona uzembe wa msimamizi. Hata ingekuwa sheria, ni sheria ya Tanzania, na mwanao yuko Texas.

Sasa tupige hesabu, maana naona mmelia sana hamkuhesabu. Zimebaki saa 48. Zimebaki wiki tano. Kijana yuko huru Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Siku moja ya kazi ya huduma tuihesabu saa nane. Jumamosi tano ni saa 40. Zinabaki nane, Ijumaa moja. Zimekwisha! Bado ana Ijumaa nne za kulala na Jumapili tano za kanisa. Gari la baba linahitajika siku sita tu, na mzee aliyekuwa tayari kulitoa kesho kupeleka cheti cha uongo hawezi kuniambia Jumamosi ana udhuru.

Unaona? Zamu ya usiku haikumzuia, wala gari. Kilichomzuia ni picha.

Naomba nikuulize kama mama kwa mama. Wewe umezaliwa enzi za Mobutu, salongo huijui kwa kusimuliwa. Siku ya salongo watu walitoka na majembe na mapanga, wakafyeka njia na kuzibua mitaro, mwalimu na mwanafunzi wake pamoja. Walinung'unika, maana ilikuwa ya lazima, lakini sikumbuki kusikia mtu aliyeona haya kuonekana ameshika jembe. Kambini nako, vyoo vya shule vilipojaa nani alichimba vipya? Kazi haijawahi kututia aibu. Kilichotuumiza hapa ni kizibao, kwa sababu kinasema kwa nini. Na aliyeumia zaidi, nisamehe nikisema, ni wewe. Umeandika "sikumlazimisha" mara mbili. Kijana aliona haya siku moja, wewe ukamwonyesha kwamba haya hiyo ni halali na ina bei, na ukailipa.

Sikulaumu sana. Yule mama aliyepiga picha alikosa adabu, na maombi yake angeweza kuyapeleka kwa Mungu bila kiambatisho. Mwendee. Usimwandikie kikundini, mwendee nyumbani kwake mchana, umwambie aiondoe, na kwamba Jumamosi kijana anarudi kazini, akipita tena apunguze mwendo amsalimie.

Kama barabarani kunamkatili, mahali panabadilishwa. Amwombe afisa ampangie ghala la chakula, au duka la mitumba la hisani, au mahali wanapotunza mbwa waliopotea, ambako wengi huvaa aproni tu na hakuna anayejua nani kaletwa na jaji na nani kaletwa na moyo wake. Maombi ya namna hiyo ni ya kawaida mno. Afisa anachukia kuona mtu amepotea wiki kadhaa bila neno, na mwanao amepotea. Kwa hiyo simu ya kwanza Jumatatu ni kwa wakili aliyemtetea, ya pili ndiyo kwa afisa.

Kwa wakili kuna utaratibu. Mwanao amwonyeshe kile cheti na amweleze yote, kuanzia dola 89 hadi kuoga. Msikifute kabla wakili hajasema. Anayoambiwa na mteja wakili hawezi kuyatoa nje, lakini mtu wa tatu akikaa chumbani ulinzi huo unaweza kuvunjika, hata akiwa mama mzazi. Kwa hiyo wewe kaa nje. Najua itakuuma kuliko kizibao. Wakili huyo huyo ndiye atakayeona kama ni busara kuomba muda uongezwe, na ombi hilo hupelekwa kabla ya tarehe ya mwisho, sio siku mbili baada yake, wakati hati ya kumkamata imeshaandikwa. Kadiri saa zinavyokuwa zimesogea ndivyo jaji anavyosikia vizuri. Aliyefanya 36 akaomba wiki mbili hafanani na aliyekaa na 12 tangu mwaka jana.

Binti yako wa miaka 14 mpikie kitu anachokipenda. Na kwa ajili yake na mdogo wake, toa zile fomu kabatini. Ungekuwa umekula kiapo cha uraia kabla huyu mkubwa hajatimiza 18, kwa kadi yake ya kijani na kuishi kwake nawe angekuwa raia siku hiyo hiyo, bila mtihani, na nusu ya barua yangu hii nisingeiandika. Kwake dirisha hilo limefungwa mwezi uliopita. Kwa binti limebaki wazi miaka minne, kwa mdogo saba. Kiingereza cha mtihani ni kidogo kuliko kile unachotumia kubishana na mwenye nyumba, na maktaba nyingi za miji zina madarasa ya bure. Kosa la mwanao haliandikwi kwenye fomu yako. Cheti kile, kwa kuwa kililipwa kwa kadi yako, kingekaribia sana.

Hizo dola 89, piga simu benki ulalamikie malipo. Zikirudi, mnunulie kijana viatu vya kazi. Sakafu ya ghala la chakula ni zege, watu wanasukuma mikokoteni, na ndala hawaruhusu.